Shajara ya mradi: kwa baiskeli kutoka stesheni ya Kigoma hadi Manyovu

Kusudi

Mradi huu una kazi moja, nayo ni kuandika mwongozo wa karatasi moja utakaobandikwa kwenye vibanda vya mafundi baiskeli hapa Kigoma, ili mtu mwenye afya ya kawaida na baiskeli ya kawaida aweze kupanda kutoka ziwani hadi Manyovu, mpakani na Burundi, kisha ashuke salama, kwa kujifurahisha tu na si kwa kutafuta riziki. Lami ipo. Kutoka njia panda ya Mwandiga hadi Manyovu ni kama kilomita 60, na ukiongeza kipande cha kutoka stesheni ya reli kupitia Mwanga hadi Mwandiga, safari ya kwenda peke yake inakaribia kilomita 70. Wanachokosa wengi wanaoitamani safari hiyo ni habari za njia: mlima unaanzia wapi, maji yako wapi, mteremko gani unamaliza breki, na ni mahali gani mtu anaweza kuketi kivulini bila kumsumbua mwenye shamba.

Tuko watatu. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza chuo na anasubiri ajira. Simu yake hupima umbali na mwinuko, na yeye ndiye mtunza daftari. Wa tatu ni fundi wa baiskeli wa Mwanga, mzee tunayemwita Baba Fundi, ambaye alikubali kuingia katika mradi kwa sharti kwamba hakuna baiskeli itakayopanda mlima kabla hajaikagua kwa mikono yake.

Wazo lenyewe lilinijia niliposoma habari za njia ya baiskeli iliyoko kaskazini mwa jimbo la Idaho, Marekani, iitwayo Trail of the Coeur d'Alenes. Inaanzia mji wa Mullan milimani na kuishia Plummer, urefu wa kama kilomita 117, yote ni lami, na imetengwa kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu. Inafuata mto, inapita kando ya mlolongo wa maziwa madogo, kisha inavuka Ziwa Coeur d'Alene juu ya daraja la zamani la reli lenye urefu wa karibu mita 950. Kilichonishika zaidi ni sababu ya lami hiyo kuwekwa. Kwa miaka mingi treni zilibeba mawe yenye madini ya fedha, risasi na zinki kutoka migodi ya bonde lile. Tuta la reli lilijengwa kwa mabaki ya migodi, na mawe mengine yalimwagika kutoka kwenye mabehewa, hata udongo ukajaa sumu ya risasi. Reli ilipoachwa, kabila la Coeur d'Alene, serikali ya Marekani, jimbo la Idaho na kampuni ya reli ya Union Pacific walikubaliana, pamoja na mambo mengine, kuifunika sumu kwa lami, na kifuniko hicho ndicho njia ya baiskeli iliyofunguliwa rasmi mwaka 2004. Hadi leo wapitaji wanaaswa wasitoke nje ya njia ovyo na wanawe mikono kabla ya kula.

Nilipomsimulia Baba Fundi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: “Mwalimu, na mlima wao ukoje?”

Jumamosi, wiki ya kwanza ya Juni. Hesabu za mezani

Swali la Baba Fundi ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, na leo nimelifanyia hesabu. Mullan uko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Coeur d'Alene liko kama mita 650. Tofauti ya mita 350 imetandazwa katika kilomita zinazofikia 100, yaani wastani wa mita tatu na nusu tu kwa kila kilomita, kiasi ambacho mguu haukihisi. Sifa hiyo ni ya wajenzi wa reli. Injini ya treni haipandi mlima mkali. Reli nyingi haziruhusu mwinuko unaozidi mita mbili au tatu katika kila mita 100, na kwa hiyo wajenzi walizunguka vilima, wakakata hapa na kujaza pale, mpaka njia ikalala. Anayeendesha baiskeli huko leo anafaidi jasho lao.

Kwetu hali ni nyingine. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa kama mita 770, na huko juu Kalinzi simu ya mpwa wangu huonyesha zaidi ya mita 1,500. Tunapanda mara mbili ya wanachopanda wao, katika umbali usiofika nusu ya wao. Reli yetu haiwezi kutusaidia. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliepuka vilima hivi na kufuata upande wa Uvinza na bonde la Malagarasi, nayo bado inafanya kazi. Barabara ya Manyovu ilijengwa kwa ajili ya magari, na gari halilalamiki likipewa mwinuko ambao treni ingeukataa.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu yamebadilisha mradi. Nilikuwa nimefikiria kwamba lami ndiyo inayoifanya njia ndefu kuwa ya burudani, nami nilikosea. Lami inaondoa vumbi na matope. Kinachoamua kama mtu wa kawaida atafika ni namna mwinuko ulivyogawanywa. Kwa kuwa hatuwezi kuulaza mlima, itabidi tuigawe safari.

Jumatatu. Kwa Baba Fundi

Baiskeli yangu ni Phoenix ya zamani isiyo na gia za kubadilisha. Mbele ina meno 44 na friwili ya nyuma ilikuwa na meno 18, maana yake kila mzunguko mmoja wa pedeli huzungusha gurudumu mara mbili na karibu nusu, na baiskeli husogea zaidi ya mita tano. Hiyo ni nzuri kwa tambarare ya Ujiji lakini ni adhabu mlimani. Baba Fundi alitafuta katika kopo lake akapata friwili ya meno 22. Sasa mzunguko mmoja wa pedeli unanisogeza kama mita nne na nusu. Ninakwenda polepole, lakini goti linapona.

Baiskeli ya mpwa wangu ni ya mtumba, yenye gia nyingi ambazo nusu yake zilikuwa zimekwama kwa kutu. Zilisafishwa kwa mafuta ya taa na mswaki. Baba Fundi pia alibadilisha gololi za gurudumu la mbele, akakaza spoku, akaweka raba mpya za breki pande zote, na akatufundisha wote wawili kutoa tairi, kutafuta pancha ndani ya beseni la maji na kubandika kiraka. Mpwa wangu alijifunza kwa haraka kuliko mimi. Mfuko wa safari una tyubu moja ya akiba kwa kila baiskeli, pampu, gundi, viraka, spana mbili na kamba ya mpira.

Jumatano. Jaribio la kwanza

Tuliondoka stesheni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlima wa kwenda Mwanga tukaukwea tungali na nguvu za usingizi, na saa moja na robo tulikuwa Mwandiga. Nilikuwa nimepanga vituo kila baada ya kilomita 10, kwa sababu ndivyo mtu anavyopanga akiwa mezani. Mpaka Bitale mpango ulikuwa na sura nzuri. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda kwa kukazana, kona baada ya kona, na kilomita yangu ya kituo ilituangukia katikati ya mpando, kwenye jua kali, ukingo wa udongo upande wa kushoto na mtaro upande wa kulia. Tulisimama kwa sababu karatasi ilisema tusimame. Tulipotaka kuondoka hatukuweza kuanza: ukikanyaga pedeli kwa uzito wote gurudumu la mbele linayumba, na kabla baiskeli haijapata mwendo imesimama tena. Tulisukuma. Nilipatwa na kizunguzungu na kwa mara ya kwanza niliogopa.

Waliokuwa wakishuka wakati ule ni wale tunaowaona kila siku mjini bila kuwauliza kitu: wabeba mizigo wa baiskeli, wenye mikungu ya ndizi imefungwa pande zote za karia, mguu mmoja umevaa katambuga ya kuminyia tairi. Mmoja wao, mtu mzima wa umri wa baba yangu, alipunguza mwendo akasimama pembeni mwa mtaro.

“Shikamoo, mzee wetu.”

“Marahaba. Mbona mmekaa hapa?”

“Tunapumzika.”

“Hapa hawapumziki watu,” alisema. “Hapa ni pa kupita. Sukumeni mpaka kona ya pili, mtaona mwembe. Pale barabara inalala kidogo. Mkishapumzika, mtaanza bila shida.”

Tulisukuma hadi kona ya pili. Mwembe ulikuwepo, na kivuli, na chini yake mawe yaliyolainishwa na makalio ya watu wengi. Mbele ya mwembe barabara ilikuwa karibu tambarare kwa urefu wa kiwanja cha mpira. Tulipanda baiskeli zetu pale na kuondoka kama tunatoka nyumbani. Hata hivyo sikuwa na nguvu za kuendelea mbali, na kabla ya saa sita tuligeuza.

Ijumaa na Jumamosi. Kwa babu wa ndizi

Mzee yule anaishi upande wa Bitale. Tulimfuata nyumbani kwake tukiwa na sukari na sabuni, kama inavyostahili, na tulikaa naye jioni mbili. Mpwa wangu anamwita Babu, na katika shajara hii nami nitamwita hivyo. Amebeba mizigo katika njia hii tangu ilipokuwa ya vumbi jekundu: mawese, dagaa na chumvi kupanda, ndizi, maharage na kahawa kushuka. Aliniambia kwamba mzigo wa kupanda ulikuwa mwepesi kwa makusudi, na mzigo wa kushuka ndio uliokuwa mzito, kwa kuwa huko juu vyakula vimejaa na kule chini midomo imejaa.

Nilimwomba anitajie vituo vyao. Alivitaja vyote kwa mpangilio, bila kufikiri, kama mtoto anavyotaja siku za juma: mwembe, kalvati lenye maji, kibanda cha mama wa uji, mti wa kivuli karibu na kanisa, na kuendelea. Vilikuwa saba kabla ya Kalinzi. Siku ya pili mpwa wangu alikwenda navyo njiani kwa bodaboda, akasimama kwenye kila kimoja na kuandika umbali na mwinuko.

Namba zake ndizo kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika daftari letu. Umbali kati ya kituo na kituo haulingani hata kidogo. Kuna pengo refu la kilomita nyingi huku chini, na huko juu kuna vituo ambavyo ukiwa kwenye kimoja unaona kinachofuata. Lakini mita za kupanda kati yao zinakaribiana, kwa makisio yetu karibu mia moja kila mara. Vizazi vya wabeba mizigo visivyokuwa na chombo cha kupimia vimeigawa milima kwa mwinuko badala ya umbali, kwa kusikiliza kifua na mapaja. Na kila kituo, bila kukosa, kiko mahali barabara inapolala, ili mwenye mzigo aweze kuanza tena.

Karatasi yangu ya vituo vya kilomita 10 nimeichana. Mwongozo utafuata vituo vya Babu. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali, ila ameomba tusiandike jina lake, kwa sababu anasema vituo hivyo aliwakuta wenzake wakivitumia.

Jumanne, wiki ya tatu. Kupanda hadi Kalinzi

Leo tumefika. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ili mpando mkali utukute kabla ya jua. Kwenye kila kituo tulikaa dakika kumi, tukanywa maji kabla ya kuona kiu, na kula kidogo kidogo: mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu. Uji wa yule mama wa kibanda cha tatu, wenye ndimu na sukari, ulinirudishia macho. Sehemu mbili tulisukuma, na tutaandika wazi katika mwongozo kwamba kusukuma hapo si aibu. Wabeba mizigo wenyewe wanasukuma.

Baada ya kituo cha tano hewa ilibadilika. Jasho lilianza kukauka mgongoni, migomba ikawa mirefu na ya kijani kibichi, na kando ya njia tukaanza kuona kahawa. Kalinzi ni nchi ya kahawa, na huu ni msimu wa kuvuna: akina mama walikuwa wamesimama kando ya vichanja wakichagua mbegu zilizoanikwa, wakitoa zenye kasoro moja moja. Tuliwasalimia, na mmoja akatuuliza tunatafuta nini kwa baiskeli bila mzigo. Mpwa wangu alimjibu kwamba tumekuja kuangalia ziwa kutoka juu. Mama yule aliweka chini ungo, akatupeleka nyuma ya nyumba yake na kutuonyesha kwa kidole.

Ziwa lilikuwa pale, refu na la rangi ya chuma, limelala katikati ya ukungu. Milima ya Kongo ng'ambo haikuonekana. Wakati huu wa kiangazi moshi wa mashamba na vumbi hufunika kila kitu. Huonekana vizuri mvua za kwanza zinapoiosha hewa, na kwa sababu hiyo mwongozo utasema kwamba anayetaka kuona ng'ambo asubiri Oktoba au Novemba, ajue tu kwamba atalipa kwa lami yenye utelezi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko ratiba iliyoruhusu. Nimefundisha kwa miaka mingi kwamba ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470, na kwamba duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina, lakini sikuwahi kupanda kwa miguu yangu mahali ambapo namba hizo zinakuwa na mwili.

Usiku tulilala kwa ndugu wa Baba Fundi. Kulikuwa na baridi, nasi tulikuwa tumebeba shuka moja moja tu. Sweta imeingia katika orodha.

Jumatano. Manyovu

Kutoka Kalinzi njia inapanda na kushuka mgongoni mwa milima, na kwa aliyezoea tayari si ngumu sana. Tulipita Mnanila, tukafika Manyovu kabla ya adhuhuri, tukanywa chai na maandazi tukitazama magari yakisubiri taratibu za mpaka. Hatukuvuka. Safari yetu inaishia kwenye lami ya upande huu.

Jambo moja la kuandika ni malori. Njia hii inabeba mizigo ya kwenda Burundi, na lori refu linalopinda kwenye kona kali linakula upande wa pili wa barabara. Mabega ya barabara mahali pengine ni mapana na mahali pengine yameliwa na mvua mpaka ukingo wa lami umekuwa kama ngazi. Anayeendesha baiskeli akae kushoto, wasafiri wafuatane mstari mmoja, na wakisikia honi nyuma yao kwenye kona watoke nje ya lami kabla hawajageuza shingo. Mavazi yawe ya rangi inayoonekana. Asiwepo yeyote njiani baada ya magharibi.

Alhamisi. Mteremko

Nilidhani kurudi ni zawadi. Baba Fundi alikuwa ametuonya, nami nilimsikiliza kwa sikio moja.

Chini ya Kalinzi mteremko unaanza, na baiskeli inakimbia yenyewe. Nilibana breki ya nyuma na kuibana tena, nikafurahia upepo, na baada ya kona nne au tano nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Sikusimama. Muda mfupi baadaye tyubu ya nyuma ilipasuka kwa mlio wa bunduki. Gurudumu liliyumba kulia, kwenye upande wa magari, nikafanikiwa kuliingiza tena kushoto na kuanguka kwenye majani. Nilichubuka kiwiko na goti. Dakika moja baadaye lori lilipita mahali nilipoyumbia. Mpwa wangu aliyekuwa nyuma yangu aliniinua, akakaa chini kando yangu, na hatukuongea kwa muda.

Nilipogusa rimu niliungua kidole. Kiraka cha zamani kilikuwa kimebanduka. Gundi ilikuwa imelainika kama asali. Jioni, kwenye kibanda, Baba Fundi alinieleza kilichotokea, na mimi nikakifanyia hesabu, maana nilitaka kukielewa kabisa. Mtu na baiskeli na mfuko, tuseme kilo 90, akishuka mita 700, nguvu yote aliyoihifadhi kwa kupanda lazima itoke mahali fulani. Sehemu inachukuliwa na upepo. Inayobaki inageuka kuwa joto mahali raba ya breki inapokutana na rimu. Kama yote ingeingia kwenye breki, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Mimi nililipeleka lote kwenye rimu moja yenye kiraka, bila kuipa nafasi ya kupoa.

Babu na wenzake wanalijua hili kwa njia yao. Katambuga yao hubana tairi lenyewe, nayo rimu huachwa ipoe. Hubadilisha, mara katambuga, mara breki. Na husimama kwenye vituo vilevile saba wakati wa kushuka, ingawa hawajachoka. Nilikuwa nimewaona wakisimama na nikadhani wanasubiriana.

Kanuni za mteremko tulizoziandika usiku huo ni hizi: usiondoke Kalinzi na tyubu yenye kiraka kwenye gurudumu la nyuma, tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia, usibane moja kwa muda mrefu, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, simama kwenye kila kituo na usogeze mkono karibu na rimu, na ukishindwa kuuacha hapo kwa kuhesabu hadi tano, subiri mpaka uweze. Kumwagia maji rimu yenye moto hatushauri, maana maji ni ya kunywa, na Baba Fundi anasema rimu ya chuma chepesi inaweza kupinda.

Jumatatu, wiki ya nne. Mabishano juu ya karatasi

Rasimu ya kwanza niliiandika mimi, na mpwa wangu aliikataa. Alisema nimeandika njia ya wanaume. Mwembe mzuri usio na nyumba karibu ni kituo kwa Babu na kwangu, lakini kwa msichana aliye peke yake, au wasichana wawili, ni mahali pa kupita haraka. Tena sikuandika choo hata kimoja. Alikuwa sahihi kabisa, na ninaona aibu kwamba nilitembea naye siku zote hizo bila kumuuliza alikuwa anapumzika kwa amani au hapana.

Alirudi njiani siku mbili, safari hii na rafiki yake, akaongea na mama wa uji, na mama wa duka la Bitale, na mke wa mwinjilisti aliye karibu na kituo cha nne. Sasa karatasi ina alama mbili: duara tupu kwa kituo cha kivuli tu, na duara lililojazwa kwa kituo chenye watu, choo na maji ya kunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Vituo vitano kati ya saba vimejazwa. Mama wa uji amekubali kuweka ndoo yenye koki na sabuni. Nilikumbuka wale wa Idaho wanaonawa mikono kwa sababu ya risasi. Sisi tunanawa kwa sababu ya tumbo, na tumbo limewarudisha wengi nyumbani kabla mlima haujawagusa.

Tumekubaliana pia kwamba safari iandikwe kama ya siku tatu: siku ya kwanza hadi Kalinzi, ya pili Manyovu na kurudi Kalinzi, ya tatu kushuka. Mwenye nguvu ataifupisha mwenyewe bila kufundishwa. Awamu ya pili ya mradi itapima barabara ya Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, ambako nako wabeba mizigo hawakosekani, na safari hii tutaanza kwa kuwauliza wao.

Ijumaa. Nakala ya kwanza

Nakala kumi zimechapwa kwenye duka la fotokopi la Mwanga, na Baba Fundi amezivika nailoni ya madaftari ili mafuta ya mnyororo yasiziharibu. Moja imebandikwa kwenye kibanda chake, juu ya kopo la friwili. Nyingine tulimpelekea Babu.

Aliishika mbali na macho, akamwita mjukuu wake asome kwa sauti, kituo baada ya kituo. Alitikisa kichwa kukubali mpaka tulipofika kwenye kalvati lenye maji. Hapo alimsimamisha mtoto.

“Maji hayo mwezi wa nane yanakauka,” alisema. “Mtu akiyategemea atateseka. Andikeni ajaze chupa Bitale.”

Mpwa wangu alitoa kalamu, akafuta neno moja na kuandika lingine, kwenye nakala ile na kwenye zile nane zilizobaki mkobani. Ile ya kibandani nitaisahihisha kesho asubuhi kabla kibanda hakijafunguliwa.